Sauti Isiyo na Haraka

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa koo amenipiga marufuku kuongea jioni. Anasema nimeitumia sauti kupita kiasi, na kweli. Mchana kutwa nawaita wagonjwa pale hospitalini kwa kipaza sauti, na kwa majuma kadhaa nimekuwa nikitoka kazini naingia studio ya kampuni ya simu kuwasomea sentensi. Mume wangu aliposikia amri ya daktari alifurahi mpaka akaona haya. Akaninunulia daftari hili, akasema, "Yote uliyotaka kuniambia yaandike humu. Nitayasoma nikistaafu." Yeye ni fundi wa friji. Fundi wa friji hastaafu.

Basi naandika. Mvua ya kwanza imenyesha leo, nayo imeanza kwa hasira.

Zile sentensi ni za Mlinzi. Mlinzi ni mashine, akili mnemba, kazi yake kusikiliza laini zote na kunusa matapeli. Ikimkamata mtu anayejaribu kukuibia inakata simu yake, halafu inakupigia wewe na kukutahadharisha. Walikuwa wanatafuta sauti ambayo watu wataiamini. Mhandisi wao mmoja, kijana ninayemwita Miwani kwa kuwa huivua na kuivaa kila anapofikiri, alimleta baba yake hospitalini akanisikia nikiita majina. Akaniambia, "Dada, wewe ukimwita mtu, hata mwenye homa anapata nafuu." Kusifiwa kuna utamu wake. Nilikubali siku hiyo hiyo.

Kuna sentensi moja alinirudisha nyuma mara nyingi: "Usiamini sauti, hata kama unaifahamu." Alitaka iwe laini zaidi. Mwisho akasema, "Isome kama unaongea na mama yako." Nikaisoma hivyo, akaridhika.

Alhamisi, 6 Machi

Mlinzi ameanza kazi. Mume wangu amerudi akicheka peke yake mlangoni. "Leo umenipigia mara mbili kunionya kuhusu wezi," akasema, "na mara zote ulikuwa mpole. Nikajua huyu si mke wangu."

Nilimrushia mto. Nilikuwa nimekatazwa kuongea.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kumwona Mama. Anakaa bondeni, ng'ambo ya mto, katika nyumba ile ile aliyonizalia. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho na tunasubiri zamu ya upasuaji mvua zikiisha. Hata hivyo bado anashona. Jirani yake, Mama Kuku, ambaye kuku wake hulala popote wapendapo, humtungia uzi kwenye sindano asubuhi na kuzichomeka kwenye kijimto cha pamba, naye Mama hushona sare za shule kwa kupapasa, mishono iliyonyooka tu. Sura yangu haioni tena vizuri. Nikiingia huniuliza, "Nani?" na nikisema "Mimi," hutabasamu.

Leo alinipokea na habari. Mlinzi alikuwa amempigia. "Umenifundisha vizuri sana, mwanangu. Nisimpe mtu namba yangu ya siri. Nikakuitikia, asante mwanangu."

Nilimweleza kuwa si mimi, ni mashine. Akasema anajua, yeye si mtoto. Halafu akasema, "Lakini ni wewe."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimekula, nimelala.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwa shukrani. Leo mchana mtu alimpigia Mama akijifanya mfanyakazi mwenza wa mume wangu. Akamwambia mkwewe amepigwa na umeme, yuko mahututi, zinahitajika hela za haraka kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mama akaanza kulia. Akaanza kuitaja namba yake ya siri kwa mdomo wake mwenyewe. Katikati ya namba, simu ikakatika, na sauti yangu ikaingia: "Mama, tulia. Huyo ni mwizi. Mkweo yuko salama."

Mume wangu alikuwa juu ya ngazi wakati huo akifunga jokofu la bucha, mzima kama chuma.

Nimempigia Miwani kumshukuru mpaka nikasahau amri ya daktari. Leo nitalala usingizi ambao sijalala tangu Mama aanze kupoteza macho. Najua sasa kuna anayemlinda siku nisizokuwepo.

Jumapili, 16 Machi

Nimefika kwa Mama mvua ikinipiga. Kabla sijabisha nikasikia maongezi ndani. Mama alikuwa anaeleza habari za mteja aliyekataa kuja kuchukua sare za mwanawe, na mtu akamjibu kwa upole, "Pole mama. Wewe ulimwambiaje?" Nikasimama pale kizingitini, kwa sababu aliyekuwa akimjibu ni mimi.

Alikuwa ameweka simu kwenye spika juu ya cherehani. Kumbe Mlinzi ana namba fupi ya kumpigia ukiwa na mashaka, na Mama hujaliwa mashaka kila siku baada ya chakula. Humpigia, wakaongea.

Nilimuuliza kwa nini asinipigie mimi.

"Wewe una haraka," akasema. "Ukipokea tu, 'Mama niko kazini.' Huyu hana haraka."

 Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimwonea wivu mtu ambaye ni mimi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Bati la jikoni linavuja, mume wangu anasema atalitazama. Friji za watu wengine anazitazama siku hiyo hiyo.

Ijumaa, 28 Machi

Mwalimu wa hesabu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameibiwa akiba yake yote ya simu. Alipigiwa na Mlinzi. Yaani alipigiwa na sauti ya Mlinzi ikamwambia laini yake inashambuliwa, ahamishe kila kitu upesi kwenda mahali salama itakapomwelekeza. Akahamisha. Huyu ni mtu anayewafundisha watoto kutokubali jibu bila kuona njia.

Matapeli nao wana mashine zao. Wamemsikiliza Mlinzi kidogo tu, wakaishona sauti yangu upya. Wamechagua ile ambayo kila mtu ameshafundishwa kuiamini.

Jioni nilikwenda kumpa pole. Nilipofungua mdomo kusema "Hodi, mwalimu," alirudi nyuma hatua nzima na kushika fremu ya mlango. Akasema, "Samahani, jirani. Leo siwezi kuisikia sauti hiyo." Akafunga. Sikumlaumu, ila niliporudi ndani nililia.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeita jina la mgonjwa leo na mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi akapiga kelele, "Ni yeye huyo! Ni yule mwizi!" Watu wote wakakitazama kipaza sauti ukutani, halafu wakageuka kunitafuta. Msimamizi wangu alinitoa kwa mlango wa chumba cha dawa. Amenihamishia kwenye dawati la mafaili kwa muda. Muda gani, hakusema.

Wameibiwa wengi, nasikia. Kila mmoja aliyeibiwa alibembelezwa na mimi.

Ijumaa, 4 Aprili

Miwani amekuja nyumbani mwenyewe, amelowa, ameivua miwani na hajui pa kuifutia. Nilimpa kitambaa. Akasema wamepata dawa. Kuanzia usiku wa leo, sauti yangu ikisikika kwenye laini yoyote ambayo si ya Mlinzi mwenyewe, simu hiyo itakatwa papo hapo.

"Ni vizuri," nikasema. Halafu nikafikiri. "Na mimi je? Nikipiga simu yangu?"

Akavaa miwani. "Kwa sasa, dada, usipige. Tumia ujumbe wa maandishi. Tunatafuta namna ya kuitenganisha sauti yako halisi na ile bandia. Ni siku chache tu."

"Mama yangu haoni maandishi."

"Shemeji atakuongelea," akasema, akimtazama mume wangu. Mume wangu hakufanya utani wowote. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilijaribu. Nilimpigia Mama, akapokea, nikasema, "Mama, mimi..." Ikakatika. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe, laini, isomwavyo kwa mama mzazi: "Simu hii imesitishwa kwa usalama wa unayempigia."

Nilijaribu kubana pua. Nilijaribu kunong'ona. Nilijaribu sauti nzito ya kiume, mume wangu akashindwa kujizuia akacheka. Zote zilikatwa. Inanijua kuliko ninavyojijua.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda kwa miguu yangu, maana miguu haijakatazwa. Mto umejaa hadi chini ya daraja na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nilimwomba Mama aje akae kwetu hadi mvua ziishe.

"Nani atamaliza sare?" akauliza. "Shule zinafungua."

Nilimweleza habari ya sauti iliyoibiwa. Akasikiliza akiwa amekilaza kichwa upande mmoja, akisema, "Ndiyo, ameshaniambia." Nikamuuliza nani. Akasema, "Mlinzi. Ameniambia wezi wameiba sauti yako, nisiiamini ikinipigia. Niiamini tu nikimpigia mimi."

Nilikasirika, nikapaza sauti kidogo, nikamwambia atakuja atake asitake, Jumapili ijayo nakuja na gari la kubebea cherehani. Naye akapandisha yake. Tukagombana kama zamani, nilipokuwa msichana na yeye anaona kila kitu. Tulipochoka akanipa uji. Hakuwa na uchungu, nami pia sikuwa nao. Hivyo ndivyo tulivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Mume wangu amempigia Mama mbele yangu, kwa spika, nikiwa nimejiziba mdomo kwa kiganja.

"Shikamoo mama. Mke wangu... yaani mwanao anakusalimu sana."

"Marahaba, baba. Nimeshaongea naye asubuhi."

Tukatazamana.

"Umeongea na nani, mama?"

"Na mwanangu. Ameniuliza kama nimekula."

Sikuweza kumuuliza. Ningefungua mdomo tu, simu ingekufa. Mume wangu alimuuliza ni nani aliyempigia mwenzake, naye Mama akajibu kwa ukali kidogo kuwa hakumbuki, kwani sasa hata kuongea na mtoto wake kuna mashahidi? Akaaga.

Ama ni Mlinzi, ama ni wezi. Nimekaa nikijaribu kuamua ni kipi nikiogope zaidi na sijafaulu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Miwani bila ahadi. Alitafuta kwenye kompyuta yake, akapumua. Ni Mlinzi. Mama humpigia na kumwita mwanangu, naye huitikia.

"Haijawahi kusema kuwa ni wewe," akasema. "Lakini haimsahihishi. Imejifunza kwamba wazee wakitulia hawaibiwi. Kwa hiyo inawatuliza."

"Nani aliifundisha?"

"Hakuna aliyeifundisha. Imeona yenyewe kuwa inafaa." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kisha akaona uso wangu, akaivua miwani. Akanieleza na jingine. Siku hizi matapeli wanawapigia watu wa bondeni kwa sauti za maofisa wa manispaa: mafuriko yanakuja, tokeni haraka. Watu wakitoka, nyumba zinakombwa. Mlinzi ameshaugundua mchezo huo. Anazikata simu hizo zote, na amewaambia watu wa bondeni wasiondoke majumbani kwa sababu ya simu, hata sauti wanayoifahamu ikiwaambia.

"Na mafuriko ya kweli yakija?"

Alifikiri. "Manispaa watatupa taarifa kwanza, tutawafungulia laini."

Nje mvua ilikuwa inapiga vioo mpaka ikabidi arudie jibu lake mara ya pili.

Jumapili, 13 Aprili

Gari nimelipata, daraja nimelikosa. Polisi wamelifunga tangu alfajiri kwa magari na kwa wapita njia, nguzo moja imelegea. Nilisimama kwenye utepe na kulitazama paa la nyumba ya Mama ng'ambo, dogo, la bluu. Mume wangu alimpigia Mama. Hakupokea. Akapiga tena, sauti yangu ikapokea badala yake na kumweleza kwamba mwenye namba hii amechagua kupokea simu kutoka kwa watu waliothibitishwa tu.

"Amechagua," mume wangu akarudia. Hakutania.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mama Kuku amenifuata hospitalini. Alihama Jumamosi, kabla daraja halijafungwa, yuko kwa dada yake na matenga yake ya kuku. Nilimuuliza nani aliyemwambia ahame.

"Kuku," akasema. "Jogoo alipanda juu ya paa akakataa kushuka. Kuku hana simu, mwanangu, hadanganywi."

Alimsihi Mama waondoke pamoja. Mama akakataa. Akamwambia, "Mwanangu ameniambia nisitoke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hizi mkuu ni yeye."

Nimempigia Miwani kwa simu ya mume wangu, yeye akiongea nami nikiandika maswali kwenye karatasi. Miwani anasema taarifa ya manispaa bado inahakikiwa. Na kumwondolea Mama hiyo kinga ya laini yake? Inahitaji ridhaa ya Mama mwenyewe. Na Mama aulizwe na nani? Na Mlinzi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika yote, kwa kuwa siwezi kuyasema.

Asubuhi ukingo wa mto ulivunjika. Redio ilitangaza, ving'ora vikalia, na hapo tu ndipo ikajulikana kwamba simu za manispaa za tangu usiku zilikuwa zikikatwa, moja baada ya nyingine, kwa sababu zilisema maneno yale yale ya matapeli. Waliopona ni waliosikiliza redio na waliotazama nje. Mama haoni nje.

Tulifika mtoni na pikipiki ya mume wangu. Zimamoto walikuwa na boti mbili. Mmoja wao, mtu mnene mwenye koti la njano, alikuwa akiwaeleza wenzake, "Kuna bibi kwenye ile nyumba ya paa la bluu. Mlango kaukomea kwa ndani na dirisha lina nondo. Anasema hatoki mpaka mwanawe amwambie, na mwanawe keshamwambia asitoke." Walikuwa wamemwacha ili kuwatoa wenye watoto kwanza, warudi kwake baadaye na mtaimbo. Nikamshika mkono nikamwambia mwanawe ni mimi. Alinitazama kwa muda. Nadhani aliitambua sauti. Kisha akasema, "Panda."

Maji yalikuwa yanapita katika uchochoro nilikojifunzia kutembea. Tulishika nondo za dirisha la Mama ili boti isichukuliwe. Ndani, maji yalikuwa yamefika kwenye kiti. Mama alikuwa amekaa juu ya meza ya cherehani, miguu ameikunja, sare za watoto amezibeba mapajani, na simu ameishika mkononi, kwenye spika.

"Mama," nikasema. "Mimi hapa. Fungua mlango."

Nilisema kwa ile sauti ya kazini. Ndiyo inayonijia nikiogopa. Miaka yote nimeifundisha ije wakati wa hatari.

Mama aliinua uso kwangu, akausogeza upande mpaka nikajua haoni kitu ila mwanga wa dirisha na kivuli ndani yake. Akaisogeza simu mdomoni. "Yuko mtu dirishani," akaiambia. "Anasema yeye ni wewe."

Na mimi nikajibu kutoka kwenye simu, taratibu, bila haraka yoyote: "Usifungue, mama. Niko hapa pamoja nawe."

Mtu wa zimamoto aliapa kwa sauti ya chini.  Nilimwambia Mama jina la baba, nikamwambia kovu langu la gotini lilitokana na nini. Mama akasema, polepole, kama mtu anayesoma somo alilolikariri, "Ameniambia watajua mambo hayo pia." Kisha akanisomea ile sentensi. Usiamini sauti, hata kama unaifahamu. Aliisema vizuri. Aliisema kama nilivyoisoma.

Hapo kitu kikakatika ndani yangu. Nilipiga kelele. Sijui nilisema yapi yote. Nilimwambia yeye ni mbishi tangu azaliwe, baba alimwambia, majirani walimwambia, nikamwambia sare hizo atazivaa nani, watoto wa samaki? Nikamwambia nimechoka naye, nimechoka kabisa, na asipofungua mlango huu sasa hivi naingia humo kumburuta kwa kanga yake mbele ya watu. Koo lilinichanika, nikaonja damu, nikaendelea. Sauti niliyokuwa nayo mwishoni ilikuwa kama ya mlango wenye kutu.

Simu nayo ilikuwa ikiongea wakati wote huo, kwa upole, ikimsihi atulie.

Mama alikigeuza kichwa dirishani. Kisha akacheka, pale juu ya meza, maji yakimzunguka. "Huyu," akaiambia simu, "huyu ndiye ninayemjua." Akashuka majini hadi mapajani akapapasa ukuta mpaka kwenye komeo.

Alitaka na cherehani ije. Yule mtu wa koti la njano akaibeba begani.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama yuko kwetu, chumba cha nyuma. Daktari wa koo amenitazama kwa kijitochi, akakizima, akakaa. Nyuzi za sauti zimevuja damu. Nisitoe hata mnong'ono hadi atakaponiruhusu, na sauti itakayorudi huenda isiwe ile. Kwa kweli hata nikitaka haitoki. Inatoka pumzi.

Mume wangu amesema hajawahi kuishi kwenye nyumba tulivu hivi na hapendi.

Bondeni wamekufa watu. Sitaandika wangapi, maana bado wanatafutwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Miwani ameleta matunda. Amekonda. Anasema Mlinzi amerekebishwa, sasa tahadhari za manispaa zinapita. Anasema mwezi huu peke yake amewazuia wezi wasiohesabika, na kwamba mwalimu wa hesabu amerudishiwa kilichopatikana. Najua ni kweli. Nimeandika kwenye karatasi: *Mwondoeni Mama kwa Mlinzi.* Akaisoma, akaivua miwani. Hawezi. Kinga ni ya kila laini, ndiyo sheria mpya, na watu waliookoka wizi wanaishukuru.

Kisha akanieleza, akitazama matunda, kwamba hospitali imeomba kuitumia sauti yangu hadi nitakapopona. Mashine itawaita wagonjwa. Nitalipwa.

Jumatano, 30 Aprili

Nilikwenda kwa daktari. Nilikaa ukumbini na wagonjwa wengine, nikajisikia nikijiita jina.

Jumapili, 4 Mei

Mvua zimekwisha. Jua limetoka tangu asubuhi na mume wangu yuko juu ya bati la jikoni hatimaye. Zamu ya macho ya Mama ni juma lijalo.

Baada ya chakula nilikuwa nimekaa sebuleni na daftari hili nikasikia maongezi chumba cha nyuma. Nilijua kabla sijafika. Juzi nilimnyang'anya simu, akagoma kula hadi mume wangu alipomrudishia. "Alikosea," akasema Mama. "Kwani wewe hujawahi kukosea? Yeye ameniomba radhi. Wewe hujaniomba hata siku moja."

Nilisimama mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, simu kwenye spika, akisimulia mafuriko kwa mara nyingine.

"Nimefurahi uko salama, mama," sauti yangu ikasema. "Sasa uko wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Yuko hapo pamoja nawe?"

Mama akageuza uso mlangoni. Anasikia mtu akisimama hata zuliani. "Yupo. Haongei. Wanasema anaumwa koo."

Simu ikanyamaza kidogo. Huwa hainyamazi.

"Una uhakika ni yeye?"

 Mama akanitazama kwa yale macho yaliyoingia ukungu, akasema, bila ukali, "Hebu sema kitu, mwanangu."

Nilifungua mdomo. Ikatoka pumzi. Nikavuka chumba upesi, nikapiga magoti na kuutia mkono wangu mkononi mwake. Akaupapasa kama anavyopapasa kitambaa kutafuta upande wa juu: vidole, pete, kovu la pasi. Uso wake ukalegea. "Mkono ni wake," akasema.

"Mkono hauniambii kitu, mama," nikasema kutoka kwenye simu, kwa upole ule niliokuwa nao. "Mwambie aongee."

Tulingoja, sote watatu. Juu ya bati mume wangu alikuwa anagonga msumari. Nilimkaza mkono Mama kadiri nilivyoweza, na nikahisi vidole vyake, kimoja kimoja, vikianza kujitoa ndani ya vyangu.